Njaa Iliyobashiriwa Sawasawa

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani, wala msiulize ilikuwa lini, maana waliokuwapo bado wapo na baadhi yao wana walinzi. Jueni tu kwamba ilikuwa jamhuri kamili. Ilikuwa na bendera, wimbo, ndege moja ya rais na nyingine ya mizigo ya rais, na serikali iliyowapenda wananchi wake mno hata ikaamua kuwasikiliza kisayansi.

Kabla ya hapo walisikilizwa kienyeji. Mkutano wa hadhara unaitishwa, mkuu wa wilaya anaketi kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa, mmoja anasimama kusema kisima kimekauka, mwingine anasema mwalimu hajaonekana tangu Pasaka, kisha kikao kinafungwa kwa sala. Maneno yalikuwa mengi, na maneno, kama alivyogundua Mheshimiwa Profesa Altemius Kagimbo, Waziri wa Matarajio, hayamgharimu msemaji chochote.

"Mtu akisema njaa inakuja, mimi nitajuaje kama anaamini anachosema?" aliuliza bungeni, na wabunge wakapiga meza ingawa hakuwa amemaliza. "Aweke dau! Anayeamini njaa inakuja aweke debe la mahindi. Asiyeamini naye aweke lake. Upande utakaokuwa mzito, huo ndio ukweli, na serikali itautii. Huo ndio ushirikishwaji wa wananchi katika maamuzi, waheshimiwa. Mengine yote ni umbea!"

Mikutano ya hadhara ikafutwa wiki hiyo hiyo. Kila wilaya ikapewa Soko la Ubashiri, yaani ghala la bati, mzani, ubao mweusi na Msajili wa Dau mwenye suti. Ukipeleka debe lako ulipewa karatasi yenye muhuri iliyoitwa Stakabadhi ya Imani. Wananchi walikuwa wameshazoea kubeti mpira, kwa hiyo wakaiita mkeka. Ukibashiri sawasawa, debe lako moja linarudi mawili. Ukikosea, limekwenda kwa wenye akili.

* * *

Wilaya ya Isekelo ilikuwa kavu tangu Mungu aiumbe, na katika wilaya hiyo palikuwa na mwanamke mmoja aliyeheshimiwa kuliko mkuu wa wilaya. Jina lake Bi. Nyemo. Alikuwa mhudumu wa afya katika zahanati, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kupima mikono ya watoto kwa ule utepe wenye rangi tatu. Mkono ukiangukia kijani, mtoto mzima. Ukiangukia njano, aangaliwe. Ukiangukia nyekundu, mama yake anaanza kulia kabla hajaambiwa kitu.

Bi. Nyemo hakukaza utepe wala hakuulegeza kwa ajili ya mtu yeyote. "Utepe hauna mjomba," alizoea kusema, na aliwahi kulisema hilo mbele ya mjomba wake. Akina mama walimwogopa kidogo, lakini waliwapeleka watoto wao kwake hata kwa kuzipita zahanati mbili njiani.

Desemba mvua haikunyesha. Januari ikanyesha siku mbili, ikaomba radhi, ikaondoka. Msajili wa Dau, Bwana Fidelis Kipande, kijana mnene mwenye adabu nyingi, akapanda kwenye kigoda akaandika ubaoni: JE, WILAYA YA ISEKELO ITAKUWA NA NJAA IFIKAPO TAREHE 31 MACHI? Chini yake, kwa herufi ndogo, akafafanua kwamba njaa maana yake ni watoto wasiopungua elfu moja, wenye utepe mwekundu, wakiwa hai, kwa siku moja. Jibu likiwa NDIYO, serikali italeta mgao wa chakula wilaya nzima.

Kwa kuwa yeye ndiye angepima, Bi. Nyemo aliapishwa huku ameshika utepe, na akakatazwa kuweka dau. Alisoma zile herufi ndogo mara mbili.

"Mwanangu Kipande, hili la 'wakiwa hai' mmeliweka la nini?"

"Shikamoo, Bibi. Mtoto aliyekufa hana njaa. Hilo halina ubishi. Wataalamu walikaa hotelini siku tatu kulipitisha."

Bi. Nyemo akaitikia marahaba, maana adabu ni adabu.

* * *

Sasa angalieni watu wa Isekelo walivyo. Miaka ya nyuma wangesimama mkutanoni na kusema, "Mheshimiwa, tutakufa," kisha wangerudi nyumbani kwenye mahindi yao machache na kuyabana mpaka msimu mwingine. Walikuwa mabingwa wa kubana. Lakini mkutano ulikuwa umefutwa, na mdomo wa pekee uliobaki ulikuwa ule mzani.

Jirani yake Bi. Nyemo, Mazoya fundi baiskeli, alikuwa na madebe matano. Alipakia manne kwenye baiskeli ya mteja.

"Mazoya, unapeleka wapi chakula cha wanao?"

"Naenda kuiambia serikali kuna njaa, dada."

"Si uwaambie tu?"

"Nimwambie nani? Nikikaa na mahindi yangu ndani, ubao unasoma Mazoya ameshiba. Nikiyapeleka, unasoma Mazoya ana hofu. Na hofu ninayo, Mungu shahidi. Kuna ubaya gani kusema kweli?"

Hapakuwa na ubaya. Watu wote wa Isekelo walikuwa na hofu ya kweli, na wote walitaka isikike. Foleni ikatoka ghalani ikapita kanisani ikafika mnadani. Walioamini sana walipeleka sana. Kufikia mwisho wa Januari ghala lilikuwa limejaa mpaka bati la paa limevimba, na nyumba za wilaya nzima zilikuwa zimefagiwa. Kabla ya hapo Isekelo ilikuwa na uhaba. Sasa ilikuwa na njaa, na ilikuwa imeipeleka yenyewe kwa baiskeli.

Ubao ukasoma NDIYO themanini na moja kwa mia. Bwana Kipande akapiga simu mji mkuu, na mji mkuu ukafurahi. Haijawahi kutokea wananchi wakasema kwa sauti moja namna ile. Waziri aliahidi kuutii ubao, na akautii. Akaagiza mahindi ya akiba ya wilaya, magunia elfu mbili yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa ajili ya miaka mibaya, yahamishiwe wilaya nyingine ambayo HAPANA ilikuwa imefika tisini.

"Si busara," alieleza redioni, "kuacha chakula mahali ambapo wananchi wenyewe wamethibitisha kwamba kutakuwa na njaa. Tunapeleka rasilimali penye matumaini."

* * *

Februari padri mmoja kutoka wilaya ya jirani aliingia Isekelo na gari la maharage, akaanza kuwapikia watoto chini ya turubai. Alikamatwa kabla sufuria haijachemka. Kosa lake lilikuwa kupanga matokeo.

"Padri," hakimu alimwuliza kwa upole, "unajua kwamba ungewalisha hawa watoto, utepe ungerudi njano?"

"Ndiyo hasa nilichotaka, mheshimiwa."

"Na wananchi walioweka dau la NDIYO, madebe yao yangekwenda wapi?"

Hakimu akatikisa kichwa kwa huzuni, maana hakupenda kuwafunga viongozi wa dini, akampa miezi sita kwa kula njama dhidi ya wananchi. Maharage yalitunzwa kama kielelezo. Rufaa iliposikilizwa, kielelezo kilikuwa kimeshaliwa na karani.

Wananchi wenyewe walikuwa wameanza kujilinda. Mwanamke mmoja alionekana nyuma ya nyumba akimtafunia mwanawe karanga, na majirani wakamzomea mchana kweupe. "Unatuangusha!" walimwambia. "Wenzio tunavumilia, wewe unanenepesha!" Mwanamke aliona haya, akawagawia karanga zilizobaki.

Bi. Nyemo naye hakuachwa apumue. Asubuhi akina mama walimnong'oneza, "Dada, kaza kidogo tu. Ukucha mmoja." Jioni Bwana Kipande, ambaye mabwana zake wa mji mkuu walikuwa wameweka HAPANA, alimletea doti mbili za khanga na utepe mpya uliochapishwa wizarani. Kwenye utepe ule nyekundu ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Huu umeboreshwa, Bibi."

"Mkono wa mtoto haujaboreshwa," Bi. Nyemo alimjibu, akamrudishia utepe na khanga zake. Usiku alilala vizuri. Alikuwa mwanamke wa haki, na haki ilimpa usingizi ambao wengine hawakuwa nao.

Kipande alikuwa na akili ya kibiashara. Alipoona utepe hauhongeki, akaacha kushabikia HAPANA. Aliweka meza nje ya ghala na gunia la unga kando, akatangaza kwamba ananunua mikeka ya NDIYO: kikombe kimoja cha unga kwa mkeka mmoja. Mkeka wa debe zima, kwa kikombe! Watu walimtukana siku ya kwanza. Siku ya nne walipanga foleni. Mazoya aliuza mitatu, akabakiza mmoja kwa ajili ya heshima.

Bi. Nyemo aliyaona hayo yote. Lakini alijiambia mikeka ni mambo ya kubeti tu, na atakayekula ushindi na ale. Alichokitaka yeye ni ule mgao. Elfu moja ikitimia, malori yataingia, na watoto wa wilaya nzima watakula bila kuulizwa nani ana mkeka. Alilishika hilo kwa mikono miwili.

* * *

Jioni ya tarehe 30 Machi, karani wa zahanati alijumlisha daftari mara tatu. Wenye utepe mwekundu walikuwa mia tisa tisini na tisa.

Mtoto wa elfu moja alijulikana. Alikuwa Sajilo, mwenye miaka miwili na ushei, mjukuu wa Bi. Nyemo kwa binti yake Sechelela. Bi. Nyemo alikuwa amempima asubuhi, na mkono wake ulikuwa njano kwa unene wa unywele. Unywele ule ulikuwa uji. Zahanati ilimlipa Bi. Nyemo nusu kilo ya unga wa mtama kwa wiki, na kila asubuhi kikombe kimoja kilikuwa cha Sajilo. Alikuwa akikinywa kwa kelele, kisha anapiga kikombe chini kudai kingine.

Akina mama wakaja wakaketi uani kwa Bi. Nyemo. Hawakuomba kitu. Hawakusema akaze. Walikaa tu na watoto wao mapajani, na mbu walitua usoni kwa wale watoto bila kufukuzwa.

Kukaza ukucha mmoja kungetosha. Nani angejua? Lakini angejua Bi. Nyemo, na alikuwa ameapa. Kudanganya kwa utepe ilikuwa dhambi. Alikaa akafikiri mpaka akaona njia isiyokuwa na uongo ndani yake. Akamwita binti yake jikoni.

"Seche, tangu sasa mpaka kesho tukishapima, usimpe uji."

Sechelela alidhani hakusikia vizuri. "Mama, ana tumbo la kuharisha tangu jana."

"Siku moja tu, mwanangu. Kesho mgao ukiingia atakula mpaka acheue. Ni watoto elfu moja, Seche. Sitakaza utepe, lakini hili si kukaza."

Sechelela alimtazama mama yake. Katika maisha yake yote hajapata kumwona akikosea kuhusu mtoto. Akalikubali neno la mama, akageuza kikombe kifudifudi.

Mhukumuni mkitaka, mimi siwazuii. Ila nasema, katika nchi nzima ile, wizara na mahakama na ghala pamoja, huyu ndiye mtu pekee aliyekataa kusema uongo, na ndiyo maana yakamfika. Mwongo angekaza utepe, mtoto akanywa uji.

* * *

Tarehe 31 Waziri Kagimbo aliteremka kwa helikopta katika uwanja wa mpira, na vumbi likawafunika watoto elfu moja na mama zao waliokuwa wamepangwa kwa mistari ya ishirini ishirini. Alifuatana na Mhakiki wa Taifa, mzee mkavu mwenye ubao wa kuandikia na kalamu tatu. Utaratibu ulikuwa huu: Bi. Nyemo anapima, anataja rangi, Mhakiki anauliza "Hai?", Bi. Nyemo anajibu "Hai", inapigwa alama.

Wakaanza saa mbili asubuhi. Nyekundu, hai. Nyekundu, hai. Jua likapanda. Mama mmoja alizirai, mwenzake akamshika mtoto ili hesabu isiharibike. Waziri alikunywa maji ya chupa chini ya hema na kusifu nidhamu ya wananchi.

Saa sita na nusu wakafika mstari wa mwisho, mtu wa mwisho. Sechelela alisimama wima, Sajilo mgongoni, khanga imemfunika mpaka kisogoni. Macho yake yalikuwa yameelekea goli la mbali.

"Amelala, mama," alisema kabla hajaulizwa.

Bi. Nyemo akautoa mkono wa mjukuu wake kwenye khanga. Miaka ishirini na miwili ya mikono ilikuwa kwenye vidole vyake, na vidole vikajua papo hapo. Mkono haukumshika kama ulivyozoea kumshika. Aliuzungushia utepe kwa usahihi wake uleule, hakukaza, hakulegeza.

"Nyekundu," alisema.

"Hai?" akauliza Mhakiki.

Sechelela hakugeuka. Nyuma yao mama mia tisa tisini na tisa walikuwa wakitazama.

"Amelala."

"Bibi, sijauliza kama amelala. Fomu ina hai na si hai."

"Hai," akasema Bi. Nyemo.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kudanganya chini ya kiapo, na kwa mtu asiye na mazoezi alidanganya vizuri. Mhakiki akapiga alama, akafunika kalamu.

* * *

Vigelegele vilivyopigwa Isekelo siku ile havikuwa na nguvu, lakini vilikuwa vingi. Waziri alipanda jukwaani machozi yakimlengalenga.

"Wananchi wa Isekelo, mmebashiri sawasawa! Mlisema kutakuwa na njaa, na njaa ipo! Ni wataalamu wangapi duniani wanaoweza kujivunia usahihi kama huu? Kuanzia leo mtu asithubutu kusema kwamba mwananchi wa kawaida hajui kinachomfaa!"

Ghala likafunguliwa na washindi wakasomwa. Madebe elfu kumi na moja yalikuwa ya kampuni iitwayo Kagimbo na Wanawe, iliyokuwa imenunua mikeka yake kihalali kwa wakala. Madebe mia sita yalikuwa ya wakala mwenyewe, Bwana Fidelis Kipande. Madebe mawili yalikuwa ya Mazoya fundi baiskeli, ambaye aliitwa mara tatu na hakujitokeza, kwa kuwa alikuwa amezikwa Jumanne. Malori kumi na mawili yaliyokuwa yakingoja nyuma ya shule yakasogea, na vijana wa jeshi wakaanza kupakia. Punje zilizodondoka ziliokotwa na watoto waliokuwa bado na nguvu ya kuinama.

"Na mgao wetu, mheshimiwa?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka mistarini.

"Swali zuri!" alisema Waziri. "Swali zuri mno kulijibu mimi peke yangu."

Akampa ishara Kipande. Kipande akapanda kwenye kigoda, akafuta ubao kwa leso na kuandika: JE, MGAO UTAFIKA ISEKELO KABLA YA MWISHO WA MEI? Dau lilikuwa lilelile, debe moja. Watakaopewa kwanza, Waziri alifafanua, ni hawa elfu moja waliohakikiwa leo, majina yao yameshaandikwa. Ila orodha hiyo ikigundulika ina kasoro hata ya mtoto mmoja, yote itafutwa, maana serikali haiwezi kujenga sera juu ya takwimu za uongo.

Kisha akashuka katikati ya watoto, mpiga picha akimfuata. Alitaka picha ya kumbukumbu, elfu moja wote, na yeye mbele. Mpiga picha alikuwa mtu wa kuchagua. Aliwasogeza kulia, akawarudisha kushoto, akalilalamikia jua, akaomba wenye watoto mgongoni wageuke kidogo ili nyuso zionekane. Sechelela akageuka kidogo.

"Mama," alisema taratibu, midomo haichezi. "Anakuwa mzito. Nimshushe sasa?"

Bi. Nyemo alikuwa amesimama nyuma yake, kiganja chake kimeshikilia kichwa cha Sajilo kisianguke upande.

"Bado, mwanangu," alimwambia. "Subiri wamalize kupiga picha."